Magwangwara na Ngazi Zao

Kila kijana anayeanza kutunga riwaya ya vita na maajabu hufika mahali akahitaji adui. Shujaa keshampata: kijana maskini, mkuki wa babu, mchumba aliyetekwa. Sasa anataka wabaya, tena wawe wengi. Hapo ndipo mtunzi anapoingiza majitu. Yanatoka porini usiku, meno nje, macho mekundu, yamekuja kama nzige. Yanachoma kijiji, yanachinja, yanacheka. Hayana majina wala mama. Shujaa akiyaua mia tatu katika sura moja, msomaji halii, kwani nani alilie nzige?

Ndugu msomaji, mimi pia ni mwanafunzi wa kazi hii ya kutunga, kwa hiyo sikusuti. Nataka tuulizane swali moja dogo tu. Hayo majitu yako, nani anayapikia? Nani analima mtama yanaokula? Yakigawana nyara, nani anatangulia kuchagua na nani anabakiziwa mifupa? Na lililo kubwa kuliko yote: yamekuwaje mengi hivyo? Ukishindwa kujibu hayo huna taifa la majitu. Una kundi la vinyago tu.

Nimelitafuta jibu kwetu Kusini, huku Masasi, Chiwata na Newala, kwa sababu sisi tumewahi kuwa na majitu yetu. Bibi zetu waliyaita Magwangwara.

Jitu la Mwingereza

Kabla sijafika huko, tumsalimie mtu mmoja aliyeyafanya majitu kuwa biashara kubwa duniani. Mwingereza J. R. R. Tolkien alizaliwa mwaka 1892 Bloemfontein, Afrika Kusini, akapelekwa Uingereza akiwa bado mtoto mdogo. Kitabu chake The Lord of the Rings kilitoka mwaka 1954 na 1955, na filamu zake zikatoka kuanzia 2001 hadi 2003. Humo ndimo wengi wetu tulikokutana na maorki, yale majitu meusi meusi yanayonguruma.

Wengi waliotazama filamu wanadhani maorki ni kitu kimoja. La hasha. Ukisoma vizuri utakuta yana madaraja. Kuna yale makubwa yenye nguvu yaitwayo Uruk-hai, yanajiona mabwana. Kuna madogo ya kubeba mizigo na kunusa njia, na yale makubwa huyaita "snaga". Katika lugha aliyoibuni Tolkien neno hilo maana yake ni mtumwa. Isitoshe, katika kitabu The Silmarillion kilichochapishwa mwaka 1977 baada ya yeye kufariki, inasimuliwa kwamba maorki ya kwanza hayakuumbwa maorki. Yalikuwa ni watu wazuri wa kabila la kale, waliotekwa, wakafungwa gizani, wakateswa mpaka wakageuka.

Liweke hilo moyoni: jitu ni mateka wa jana. Tolkien alilipata kwa kubuni. Sisi Kusini tunalo katika historia.

Magwangwara ni nani?

Katika karne ya kumi na tisa, watu wa bonde la Ruvuma waliishi na hofu ya jeshi linalotoka magharibi. Liliitwa kwa majina mengi. Wengine walisema Mazitu, wengine Mafiti, na kwetu Masasi jina lililoshika ni Magwangwara. Walikuja na ngao za ngozi ya ng'ombe, mikuki mifupi ya kuchomea kwa karibu, rungu mkononi na manyoya kichwani. Mwaka 1866 David Livingstone alipokuwa akipanda na mto Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa, habari za Mazitu zilikuwa midomoni mwa watu njia nzima. Wapagazi wake wa kutoka visiwa vya Komoro waliposikia kwamba mbele kuna Mazitu walitoroka, na walipofika Zanzibar wakatangaza kuwa bwana wao ameshauawa. Ulikuwa uongo. Lakini tazama uongo wenyewe: walichagua jina ambalo hakuna ambaye asingeliamini.

Septemba 1882 Magwangwara walifika Masasi. Hapo palikuwa na kijiji cha misheni ya Waanglikana wa UMCA, ambacho Askofu Edward Steere alikianzisha mwaka 1876. Wakazi wake wa mwanzo hawakuwa wenyeji wa Masasi. Walikuwa watumwa waliokombolewa, aliowaleta kutoka Zanzibar akikusudia kuwarudisha upande wa nchi walikotolewa. Wakajenga, wakalima, watoto wakaanza shule. Halafu jeshi likashuka. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Misheni ikahamia Newala, kwa Mzee Matola, mtawala wa Kiyao, na padri mmoja aitwaye W. C. Porter akafunga safari ya kwenda Ungoni kufuatilia waliochukuliwa.

Hebu fikiri. Mtu alishatekwa mara moja utotoni, akatembezwa kwa mnyororo hadi Kilwa, akavushwa bahari, akakombolewa, akarudi bara, akajenga kibanda chake, halafu anatekwa tena. Mtunzi gani angethubutu kuandika hivyo? Wahariri wangemwambia amezidisha chumvi.

Kwa hiyo sikatai kwamba walikuwa tishio. Anayetaka kuwageuza Magwangwara kuwa malaika asisome makala hii. Ninachosema ni kwamba walikuwa jamii, na jamii ina ngazi. Tupande ngazi hizo moja moja.

Walikotoka

Magwangwara ni Wangoni wa Songea. Chimbuko la jina na mtindo wao wa vita ni kusini kabisa mwa Afrika, katika zile vurugu za zama za Shaka wa Wazulu. Miaka ya 1820 makundi yaliyoshindwa yalikimbia kwenda kaskazini. Kundi maarufu liliongozwa na Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Inakubalika kwamba alivuka mto Zambezi mwaka 1835, siku jua lilipopatwa. Akapita Unyasa, akafika Ufipa, na huko akafariki katika miaka ya 1840. Alipokufa, taifa likapasuka kama chungu. Vipande vikatawanyika, kimoja huku, kingine kule.

Kipande kimoja, chenye watu wa ukoo wa Gama, kilielekea mashariki mwa Ziwa Nyasa. Kikakuta Wangoni wengine, Wamaseko, waliopita njia nyingine na kutangulia kukaa Songea chini ya Mputa Maseko. Fahali wawili hawakai zizi moja. Wakapigana, na katika miaka ya 1860 Wamaseko wakafukuzwa kwenda ng'ambo ya Ruvuma. Waliobaki wakawa na falme mbili: Njelu ya ukoo wa Gama, na Mshope ya ukoo wa Tawete, ambako baadaye alitawala Chabruma.

Sasa piga hesabu. Kutoka kwa Wazulu hadi Songea ni safari ya zaidi ya miaka thelathini kwa miguu, watu wanakufa vitani, kwa njaa na kwa uzee. Wangepaswa kufika wachache tena wachovu. Walifika jeshi zima. Waliongezekea wapi?

Tarehe ya kutekwa

Walikula watu. Usinielewe vibaya, sisemi kwa meno. Walimeza jamii walizozipita. Waliyemkuta njiani, akiwa kijana au mwanamke, hakuuawa ikiwa angeweza kufaa. Alibebwa. Wataalamu wa nje wamelifananisha taifa la namna hiyo na donge la theluji linalovingirika na kukua. Sisi theluji hatuijui. Mimi namwona yule mdudu anayeviringisha kinyesi cha ng'ombe: kila akisukuma, donge linanenepa, na ukilipasua hutajua tena punje ipi ilitangulia.

Ila Wangoni wenyewe walijua. Hapo ndipo ngazi zao zilipo.

Juu kabisa alikaa nkosi, mfalme, naye hakutoka nje ya ukoo wa kifalme. Ukoo wa Gama kwa Njelu, ukoo wa Tawete kwa Mshope. Hata uwe simba wa vita namna gani, kiti kile hukikalii.

Chini ya nkosi walikuwa manduna. Nduna ni jemadari, mwamuzi wa mashauri na mkuu wa eneo, vyote kwa pamoja. Alikuwa na vijiji vyake, watu wake na vikosi vyake.

Kisha walikuja waliojiita Wangoni halisi. Hapa, msomaji wangu, fungua macho. Ungedhani Wangoni halisi ni wale wenye damu ya kusini tu. Kumbe sivyo. Humo walikuwamo Waswazi na Wathonga waliochotwa mwanzo wa safari, Wakalanga waliotekwa kabla ya Zambezi, Wasenga waliotekwa baada ya Zambezi. Hao wote walikuwa mateka. Lakini walitekwa zamani, wakatembea na taifa, wakapigana pamoja nalo. Walipofika Songea walishakuwa wenyewe, na wajukuu wao wakawadharau waliotekwa jana.

Chini kabisa walikuwa "sutu". Ndilo jina walilopewa wenyeji wa nchi iliyovamiwa: Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wabena, na hata Wayao na wengine waliokamatwa pande zetu. Sutu alilima, alijenga, alichunga, na akiwa kijana mwenye nguvu alipewa ngao akaingia kikosini.

Umeona siri yake? Daraja la mtu kwa Wangoni halikutegemea kama alitekwa au hakutekwa, maana karibu wote asili yao ni kutekwa. Lilitegemea alitekwa lini na wapi. Tarehe ya kutekwa ndiyo ilikuwa cheo. Mimi niliposoma hivyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatembea kidogo.

Jinsi mateka alivyogeuka

Mateka hakutupwa gerezani. Alipelekwa kwenye nyumba ya aliyemkamata, akala chungu kimoja na watoto wa nyumba ile, akamwita yule bwana baba. Kijana akawekwa kikosi kimoja na vijana wa rika lake, wa nyumbani na wa kutekwa wamechanganyika. Hapo akafundishwa kukimbia, kushika ngao, kutii. Halafu siku inakuja, kikosi kinatumwa vitani.

Huko vitani ndiko mlango wa kutokea ulikokuwa. Kijana akirudi na mateka wake mwenyewe, naye ameshakuwa baba wa mtu. Akipata wengi, anapata wake, anapata uzao, anapata sehemu yake ya kijiji. Njia ya kutoka chini ilikuwa moja, nayo ni kumshusha mwingine chini yako. Ndiyo maana jeshi lile lilikuwa kali hivyo. Mkali zaidi kikosini si lazima awe mwana wa mfalme. Anaweza kuwa yule wa jana, anayetaka kusahau.

Mfano mkubwa ni mtu ambaye mji mzima umepewa jina lake, Songea Mbano. Ukoo wa Mbano hawakuwa watu wa kifalme. Asili yao ni Wakalanga, watu wa upande wa Zimbabwe ya leo, waliobebwa na safari. Songea akawa nduna wa Njelu, na nguvu zake zikafika mahali wageni wakamtaja yeye kuliko nkosi wake. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897, pakaitwa Songea. Uzao wa mateka ukaacha jina kwenye ramani. Kiti cha nkosi lakini hakukikalia. Ngazi ile ilikuwa na vipandio vingi, ila cha mwisho kilikatwa.

Si wote waliokubali kupanda hivyo. Wandendeule waliasi. Baadhi yao walikuwa wameshafundishwa vita vya Kingoni, wakatoka na ujuzi ule ule wakaenda kaskazini. Kutokana na hao na wengine waliojiunga nao wakapatikana Wambunga wa Kilombero, ambao nao wakawa tishio kwa majirani zao. Watu wa pwani waliwaona wote hao na ngao zao, wakawaita kwa jina moja tu, Mafiti. Asiyezijua ngazi huona jitu moja.

Sasa turudi Masasi, ile Septemba ya 1882. Jeshi lililoshuka lilitoka katika taifa ambalo wengi wake, kwa muda huo, walikuwa sutu na wana wa sutu. Sina majina yao, lakini hesabu ni rahisi kwa yeyote. Walioshika mienge walikuwa, kwa sehemu kubwa, watoto wa nyumba zilizochomwa kabla. Na waliokuwa wakikimbia walikuwa watumwa waliokombolewa. Mateka wa bara walikuwa wanawateka mateka wa pwani. Niambie, hapo nani jitu?

Na sisi je?

Ni raha kusema hayo ya Songea ukiwa umekaa Chiwata chini ya mkorosho. Lakini uadilifu wa mtunzi ni kujipima kwa kibaba kile kile. Kwetu nako kulikuwa na ngazi.

Wayao walikuwa wafanyabiashara hodari wa kati ya ziwa na pwani. Pembe za ndovu zilishuka Kilwa, na watu pia walishuka Kilwa. Mtu aliweza kuuzwa kwa sababu ya vita. Aliweza kuuzwa kwa deni la mjomba wake, kwa kesi ya uchawi, au kwa kunyakuliwa tu akichota maji. Wayao, Wamakua na Wamakonde ni watu wa upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mume alikuwa kama mgeni kwenye nyumba ya wenyewe. Sasa tazama ujanja wa wakubwa. Mwanamke aliyenunuliwa hana mjomba. Hana ukoo wa kumtetea, na watoto wake hawana pa kukimbilia. Basi tajiri aliyetaka watoto wawe wake yeye, wasiwe wa wajomba zao, alioa mtumwa. Utumwa ulimpa mwanamume kile ambacho mila ilimnyima.

Jina la daraja hilo halijafa lote. Bado kuna vijiji ambako ugomvi wa mashamba ukipamba moto mtu hutupiwa neno kuhusu bibi yake kwamba alikuja kwa kununuliwa. Neno hilo hutupwa likalenga moyo, na wazee hukimbilia kulifunika. Mnaotafuta visa vya riwaya, kisa ndicho hicho.

Na kuna waliopanda ngazi hiyo bila kumshusha mtu. Cecil Majaliwa alizaliwa Myao, akauzwa utotoni, akafika Zanzibar, akakombolewa, akasomeshwa na misheni. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwenye nchi ya Barnaba Nakaam, mtawala wa Kiyao ambaye jina lake limeshikamana na Chitangali na Chiwata yetu. Mwaka 1890 Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Yaani mtoto aliyeuzwa akarudi Kusini akasimama mbele ya mtawala, na mtawala akakaa kumsikiliza. Mpime huyo na Songea Mbano. Wote wawili njia zao zilianza kwenye kutekwa, mmoja kwa kuuzwa mwenyewe, mwingine kwa wazee wake kubebwa, na wote wawili wakawa wakubwa. Mmoja alipewa ngao, mwingine kitabu.

Halafu kuna Wamakonde wa uwandani, waliofanya ujanja wa tatu. Wao walipanda juu. Uwanda wa Makonde ni mgumu: vichaka vya kushonana, na maji hakuna mpaka ushuke bondeni ukapande tena na mtungi kichwani. Jeshi la mikuki mifupi linataka uwanja wa kukimbilia, na linataka maji. Kule juu halikupata hivi wala hivi kwa urahisi. Wala Wamakonde hawakuwa na mfalme wa kumteka ili nchi yote ianguke. Kila makazi yalikuwa na mkulungwa wake, mzee aliyetangulia kufyeka pale, basi. Waliolipia usalama huo ni wanawake, kwa shingo zao, kila alfajiri kwenye njia ya maji. Usije ukaandika jamii isiyo na kiti cha enzi ukadhani haina mwenye kubeba mzigo.

Ulimi wa mama

Nimeacha jambo moja makusudi lije mwishoni, kwa sababu ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Wangoni walipotoka kusini walizungumza lugha ya jamii ya Kizulu. Nenda Songea leo ukasikilize Kingoni. Si Kizulu. Ni lugha ya pale pale, ndugu wa Kimatengo na Kindendeule. Lugha ya mabwana ilikufa ikabaki katika maneno machache ya heshima na ya utawala, kama hilo nkosi na nduna. Lugha iliyobaki hai ni ya sutu.

Ilikuwaje? Jibu liko jikoni. Wanaume walirudi na ushindi, na wanawake waliowateka. Wanawake wale ndio waliozaa, wakabembeleza, wakakemea, wakasimulia hadithi jioni. Mtoto alipewa ukoo wa baba, maana Wangoni ni watu wa upande wa baba, walioa kwa ng'ombe. Lakini ulimi alipewa na mama. Kikosini alifundishwa vita mchana, nyumbani akaota ndoto kwa lugha ya waliopigwa. Kizazi cha kwanza, cha pili, na Kizulu kikaisha. Hakuna aliyepiga baragumu kutangaza ushindi huo. Ulishindwa kwa mkuki, ukashinda kwa mwiko.

Wajerumani walipokuja kumalizia, walilikuta taifa likiwa katika hali hiyo. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 huko Matumbi, vikafika Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wakubwa wa Wangoni pale Songea, akiwamo nkosi Mputa Gama wa Njelu. Siku chache baadaye Songea Mbano naye akanyongwa. Chabruma wa Mshope alikimbilia ng'ambo ya Ruvuma akafia huko. Leo pana makumbusho mahali hapo, na kila mwezi wa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Waliokuwa majitu kwa bibi zetu wa Masasi wamekuwa mashujaa wa taifa zima, na mimi sioni kwamba moja linafuta jingine. Walichoma Masasi. Walikufa pia kwa ajili ya nchi. Mtu mmoja anaweza kuyabeba yote mawili.

Mwaka ule ule wa 1906, Mjerumani Karl Weule alikuwa akizunguka Masasi na Newala akikusanya habari za mila, na kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Kule Nchichira, kwenye ukingo wa kusini wa uwanda, alikutana na Wangoni waliohamia huko. Miaka ishirini na minne baada ya ule moto wa Masasi, Wangoni na waliokuwa wakiwakimbia walikuwa majirani juu ya uwanda mmoja. Siku hizi watu wa Kusini hutaniana kwa mambo hayo. Kwenye msiba utasikia mtani akidai ulipwe ng'ombe wa babu yake, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka.

Kwenu watunzi

Basi, ndugu wa kalamu, siku ukibuni majitu yako usianze na meno. Shaaban Robert alipotunga Kusadikika mwaka 1951 aliijaza nchi ya angani kwa mahakama, mawaziri na wafungwa, ndiyo maana tunaiamini hata kama inaelea. Nawe ijaze yako. Nani nkosi, na kiti chake kimefungwa kwa ukoo gani? Nani nduna, na anamwonea nani wivu? Nani ametekwa juzi, na nani ametekwa zamani hata anajiita mwenyewe? Mtu akitaka kupanda daraja, inambidi afanye nini, na kwa nani? Jitu likiumia, linalia kwa lugha gani?

Mimi ninayo sura moja ninayoihangaikia hadi leo. Kuna kijiji cha mashujaa huko Ungoni. Kikosi kimerudi na mwanamke Mmakua kutoka upande wetu. Miaka imepita, ana mtoto wa kiume, na mtoto ameshapewa ngao yake ya kwanza. Kikosi kinajipanga alfajiri, kinaelekea mashariki, Masasi. Baba anamwita mtoto kwa lugha ya kikosi. Mama, akiwa mlangoni na mwiko mkononi, anamwita kwa Kimakua.

Ataitikia kwa lugha ipi? Sijaandika bado. Atakayewahi kabla yangu na aandike, nitasoma.